Sura ya Tano: Kituo Gani Hiki?

Ndege kubwa ya abiria ikiruka usiku kutoka Nairobi kwenda Johannesburg, redio zake za kutafutia njia hubadili vituo mara nyingi bila mkono wa mtu kuzigusa. Rubani mkuu anakunywa chai, msaidizi wake anapiga hesabu ya mafuta, na nyuma ya vioo vilivyo mbele yao kuna mashine inayochagua kituo, inakipima, inakiacha, inahamia kingine. Ni kompyuta ya kusimamia safari, ambayo marubani duniani kote huiita kwa herufi zake tatu, FMS. Sura hii inaitazama kazi yake hiyo moja tu, kwa sababu ndani yake kuna swali lililogharimu maisha ya watu: redio ikishawekwa kwenye masafa, nani anahakikisha kwamba kituo kinachoongoza ndege ndicho kilichokusudiwa?

Zamani alikuwepo mtu wa kazi hiyo. Ndege-boti za Imperial Airways, zilizoanza mwaka 1937 kupita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban, zilikuwa na mtaalamu wa redio ndani, naye alipokea na kutuma ujumbe kwa alama za Morse. Redio za sauti ziliposhika nafasi, mtu huyo akaondoka. Akafuata mpima njia, aliyekuwa akipiga hesabu za nyota na upepo. Mwisho akaondoka mhandisi wa ndege. Boeing 767 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1982, na 757 mwaka uliofuata, marubani walikuwa wawili tu, na katikati yao vibodi viwili vidogo vya FMS. Watu watatu walikuwa wameondoka, lakini kazi zao zilibaki. Nyingi ziliingia kwenye mashine, na zile ambazo mashine haikuweza kuzichukua zikawaangukia wale wawili.

Ili tuelewe mashine ilichukua nini hasa, tuanze na kituo chenyewe. Kituo cha VOR ni jengo dogo lenye antena, mara nyingi karibu na uwanja au juu ya kilima, linalorusha mawimbi yanayomwezesha rubani kujua yuko upande gani wa kituo hicho, nyuzi kwa nyuzi, kuanzia 1 hadi 360. Vituo hivi hutumia masafa kati ya megahezi 108 na 117.95. Ndani ya ukanda huo mna nafasi 200, na 40 kati ya hizo zimetengwa kwa ajili ya ILS, mitambo inayomshusha rubani hadi kwenye njia ya kutua. Zinabaki 160 kwa VOR za dunia nzima. Bila shaka hazitoshi, kwa hiyo masafa hurudiwa: kituo cha nchi hii na cha nchi ile ya mbali huweza kuwa na namba ileile. Mawimbi ya aina hii hayapindi kufuata mviringo wa dunia, hivyo vituo vikitenganishwa vya kutosha havigombani.

Ndiyo maana kila kituo hujitaja. Kila baada ya sekunde chache hupiga jina lake kwa alama za Morse, herufi mbili au tatu, kwa mlio mwembamba unaosikika kwenye spika za masikioni. Kwa shule ya zamani ya urubani, kuweka masafa hakukuhesabiwa kuwa kumekamilika mpaka mlio huo usikike na herufi zake zilinganishwe na ramani. Aliyekulia nyumba yenye redio ya mbao atakumbuka: ulizungusha ukitafuta stesheni, ukapata sauti safi katikati ya mkwaruzo, lakini hukusema umeipata Radio Tanzania mpaka mtangazaji aitaje mwenyewe. Fundi anapofanyia kituo majaribio, jina huondolewa hewani, au nchi nyingine hupiga herufi T, E, S, T badala yake. Sindano ya rubani inaweza kuendelea kuonyesha mwelekeo vizuri tu. Asiyesikiliza ataufuata mwelekeo ambao hakuna aliyeudhamini.

Sasa ije FMS. Ndani yake kuna kanzidata yenye vituo, viwanja, njia za angani na taratibu za kutua, nayo hubadilishwa kila baada ya siku 28 kwa tarehe zinazofuatwa na dunia nzima. Kwa kuwa inajua ndege ilipo, inajua pia vituo vilivyo jirani. Humo huchagua vile vyenye DME, mitambo ya kupimia umbali. DME hufanya kazi kwa kuuliza na kujibiwa. Ndege hurusha midundo ya redio, kituo kinasubiri sehemu 50 za milioni moja za sekunde, kisha kinajibu, na kompyuta inapima muda uliopita. Kila maili moja ya baharini, kwenda na kurudi, huchukua takriban sehemu 12 za milioni moja za sekunde. Umbali kutoka kituo kimoja unakupa duara. Ukiongeza kituo cha pili unapata duara la pili, na ndege iko pale maduara yanapokatana. Lakini vituo viwili vikiwa karibu upande mmoja, maduara hukatana kwa mshazari mrefu na jibu likawa na ukungu. Kwa hiyo kompyuta hutafuta jozi ambayo pembe yake, ukitazama kutoka kwenye ndege, iko kati ya nyuzi 30 na 150. Ndege ikisonga, pembe inabadilika, na jozi inabadilishwa. Hakuna mwanadamu ambaye angeweza kuifanya kazi hii usiku kucha kwa usahihi huo, na ni haki kuisifu.

Ukitaka kuona mashine inafanya nini, fungua ukurasa wa redio. Kwenye Boeing kama 747-400 ukurasa huo unaitwa NAV RADIO. VOR ya kushoto na ya kulia ziko juu, na ILS iko chini. Kando ya masafa kuna herufi moja ndogo, na katika ukurasa wote hakuna kitu ninachokipenda kuliko hiyo. A ina maana kwamba kompyuta imejichagulia kituo kwa ajili ya kupima mahali ndege ilipo. P ina maana kwamba kituo kimechaguliwa kwa sababu utaratibu wa kutua au kuondoka unakihitaji. R ni kituo kilicho kwenye njia ya safari. M ni kwamba mtu ameweka kwa mkono. Kwa herufi hiyo moja rubani anajua kile kituo kililetwa na nani, na kwa sababu gani. Akitaka kuingilia, anaandika mathalani 117.7 chini ya kioo, anabonyeza kitufe kilicho kando ya VOR ya kushoto, na M inatokea. Akitaka kuirudishia mashine uhuru wake anaifuta namba, na kompyuta inaendelea na kazi. Airbus wamechagua njia nyingine: kilichowekwa na mtu huandikwa kwa herufi kubwa, kilichowekwa na mashine kwa herufi ndogo.

Hata kusikiliza Morse kumerahisishwa. Redio za kisasa huzitambua zenyewe alama na kuandika jina la kituo kwenye kioo. Kabla jina halijatambuliwa, kioo kinaonyesha namba ya masafa, na likitambuliwa, namba inaondoka na herufi zinashika nafasi yake. Ni msaada mkubwa kwa rubani aliyechoka. Lakini angalia kilichotokea hapa. Zamani kutambua kulihitaji tendo: kupandisha sauti, kunyamaza, kusikiliza, kulinganisha na karatasi. Sasa kunahitaji jicho kupita juu ya herufi tatu kwenye kona ya kioo kilichojaa herufi nyingine. Tendo likawa mtazamo, na mtu aliyebanwa na muda husahau mtazamo haraka kuliko anavyosahau tendo.

Redio za mazungumzo nazo, kwenye ndege nyingi ndogo na za kati, zimeingizwa kwenye kibodi hichohicho. Hizi hutumia ukanda wa megahezi 118 hadi 137, na mwongozaji wa ndege ndiye anayekutajia namba. Unairudia kwa sauti, unaiandika, inakaa pembeni kama masafa yanayosubiri, kisha unabonyeza kitufe na mbili zinabadilishana: iliyokuwa ikisubiri inafanya kazi, iliyokuwa ikifanya kazi inasubiri. Aliyebuni mpangilio huu anastahili heshima, kwani ukikuta kimya upande wa pili, masafa ya zamani hayajapotea. Unabonyeza tena, unarudi kwa yule uliyemwacha, unamwomba akurudie namba. Redio ya pili kwa kawaida huachwa ikisikiliza 121.5, masafa ya dharura. Na juu ya sehemu kubwa za Afrika ambako kumsikia mwongozaji ni kwa bahati, marubani wamezoea kutangaziana wenyewe kwenye 126.9: mimi ni fulani, niko mahali fulani, kimo changu hiki, naelekea kule. Namba hiyo mashine haiiweki kwa hiari yake. Mtu lazima akumbuke.

Ulaya wamegawa nafasi hizi nyembamba zaidi ili zitoshe msongamano wao, kila nafasi ikiwa na upana wa kilohezi 8.33 badala ya 25. Namba zikawa na tarakimu sita, na nyingine zikawa ni majina kuliko vipimo: 118.000 na 118.005 ziko kwenye masafa yaleyale kabisa, tofauti ni upana wa nafasi. Rubani anayetoka kwetu akifika kule lazima aandike tarakimu zote sita.

Hayo ndiyo mambo yanapokwenda sawa. Tuje Cali.

Tarehe 20 Desemba 1995, Boeing 757 ya American Airlines, safari namba 965, iliondoka Miami kwenda Cali nchini Kolombia ikiwa imechelewa kwa karibu saa mbili. Ndani walikuwemo watu 163, wengi wao wakienda kwa ndugu kwa ajili ya Krismasi. Uwanja wa Cali uko kwenye bonde refu linalotoka kaskazini kwenda kusini, na milima imesimama pande zote mbili. Rada iliyokuwa ikilihudumia eneo hilo ilikuwa imeharibiwa na waasi mwaka 1992, kwa hiyo mwongozaji hakuiona ndege. Alijua ilipo kwa kuambiwa tu na marubani. Rubani mkuu alikuwa amewahi kutua Cali. Msaidizi wake, ambaye ndiye aliyeshika usukani usiku ule, alikuwa akienda kwa mara ya kwanza.

Walikuwa wamejiandaa kuupita uwanja, kuzunguka na kutua kutoka kusini, upande wenye ILS. Walipokaribia, mwongozaji aliwaruhusu kuendelea hadi kituo cha Cali na kuwataka watoe taarifa watakapofika Tulua, kituo kilicho kaskazini mwa uwanja. Rubani mkuu alielewa kwamba wameruhusiwa kwenda Cali moja kwa moja, akaiambia FMS hivyo. Mashine ikatii. Na kwa mashine, kwenda moja kwa moja maana yake ni kufuta kila kilicho katikati: Tulua ikaondoka kwenye kioo.

Muda si muda mwongozaji akawauliza kama wangeweza kutua wakitokea kaskazini, bila kuzunguka, kwa kuwa upepo ulikuwa umetulia. Hilo lingewaokolea dakika kadhaa kwenye safari iliyochelewa. Wakakubali. Walikuwa juu mno kwa mpango huo mpya, wakainua breki za hewa juu ya mabawa ili washuke haraka. Huku wanashuka, rubani mkuu alikuwa na karatasi ya utaratibu mpya mkononi, anatafuta Tulua kwenye kioo na haipo, anaandika, anauliza, anatafuta tena. Kumbe Tulua ilikuwa tayari nyuma yao.

Hapo ndipo alipoamua kwenda moja kwa moja Rozo, kituo kidogo cha redio kilicho karibu na mwanzo wa njia ya kutua. Kwenye ramani ya karatasi Rozo iliandikwa kwa herufi moja, R, na kwa Morse ndivyo ilivyojitaja. Akaandika R kwenye kibodi cha FMS. Kioo kikaleta orodha ya vituo vinavyojitaja R, naye akachagua cha juu kabisa.

Hicho hakikuwa Rozo. Kilikuwa kituo kiitwacho Romeo, karibu na Bogotá, maili zaidi ya 100 upande wa mashariki, nyuma ya milima. Kolombia ilikuwa na vituo viwili vyenye jina moja la herufi moja, na waliotengeneza kanzidata walikwepa mgongano kwa kuihifadhi Rozo kwa jina lake kamili, ROZO. Ungeweza kuandika R mpaka asubuhi, Rozo isingetokea. Karatasi na kompyuta, vilivyokaa pua na mdomo katika chumba kimoja, vilikuwa vimekipa kituo kimoja majina mawili, na marubani hawakujua.

Mashine ikatii tena. Ndege ikaanza kugeuka kushoto, gizani, ikiendelea kushuka. Kabla ya agizo kama hilo kuanza kazi, Boeing huchora njia mpya kwenye ramani ya kioo kwa mstari mweupe wa vipande, ili marubani wautazame wote wawili kabla ya mmoja kubonyeza EXEC, kitufe cha kuliidhinisha agizo. Mstari uliokuwa ukienda Romeo ungeonekana ukikata kwenda kushoto, mbali kabisa na bonde. Utaratibu wa kampuni ulidai mmoja aandike na mwingine athibitishe. Haukufuatwa. Palikuwa na mambo mengi, na muda ulikuwa mdogo.

Walipotambua kwamba ndege haielekei wanakotaka, waligeuka kulia kurudi bondeni. Lakini sasa kati yao na bonde ulikuwepo mlima. Sauti ya mashine ya kuonya juu ya ardhi ililia sekunde 12 hivi kabla ya mwisho. Wakavuta usukani, wakapeleka injini kwenye nguvu zote, na breki za hewa zikabaki zimeinuka juu ya mabawa. Karibu saa 3:42 usiku ndege ilijigonga kwenye mlima El Deluvio, jirani na mji wa Buga, kwenye kimo cha takriban futi 8,900. Watu 159 walikufa. Wanne walinusurika.

Wachunguzi waliijua habari ya herufi R kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta ya FMS ilipatikana kwenye mabaki ikiwa bado inasomeka. Agizo la mwisho lilikuwa humo.

Kuna jambo moja katika ripoti ambalo kila msemaji wa Kiswahili anayefanya kazi kwa Kiingereza atalielewa bila kufafanuliwa. Mwongozaji wa Cali aliwaambia wachunguzi kwamba maombi ya marubani usiku ule hayakumwingia akilini, hayakulingana na mahali walipodai kuwa. Wangekuwa wasemaji wa Kihispania, angewaambia hivyo. Kiingereza chake kilitosha kwa maneno ya kawaida ya kazi, namba, vimo, ruhusa. Hakikutosha kumwambia mgeni, kwa upole na haraka, kwamba anachokiomba hakina maana. Redio ilikuwa kwenye masafa sahihi na sauti zilisikika safi pande zote mbili, ila shaka ya mtu mmoja haikuwa na njia ya kumfikia mwenzake. Tangu mwaka 2008 kanuni za kimataifa zinadai marubani na waongozaji wapimwe uwezo wa kuzungumza, mbali na kukariri misemo ya kazi, na nadhani kanuni hiyo ilichelewa sana.

Msomaji makini atauliza: je, masikio yangewaokoa? Wangesikiliza Morse, wangesikia nukta, mstari, nukta, yaani R, na vituo vyote viwili vilijitaja hivyo. Ni kweli. Jina peke yake lisingetosha. Ambacho kingetosha ni sindano. Rubani anayeweka kwa mkono redio ya ADF kwenye masafa ya Rozo anapata mshale unaoelekea kituo kinachosikika hewani, pale alipo, wakati ule. Kikiwa mbele, mshale unaonyesha mbele. Agizo lililoandikwa FMS halisikilizi kitu: linachukua namba za mahali kutoka kwenye kumbukumbu na kuipeleka ndege huko, hata kama kituo hicho kimezimwa, hata kama kiko nyuma ya safu nzima ya milima. Mtu aliyekaa mbele ya kibodi kimoja, ambamo redio zinawekwa na njia pia zinachorwa, huweza kudhani amekisikia kituo ilhali amekisoma tu.

Wapo wanaosema basi dawa ni kutambua jina, sindano na masafa, yatosha. Kisa cha Samoa kinawajibu. Usiku wa tarehe 29 Julai 2000, Boeing 767 ya Air New Zealand ilikuwa inashuka kwenda uwanja wa Faleolo, karibu na Apia, kwa kutumia ILS. Masafa yalikuwa sahihi. Jina lilitambuliwa. Sindano zote zilikaa katikati kana kwamba ndege iko juu ya mstari kamili wa kutua. Kumbe mtambo wa chini unaoonyesha mteremko ulikuwa umeachwa katika hali ya majaribio, ukimwambia kila anayeuliza kwamba yuko sawasawa. Jina la ILS hupigwa na mtambo wa mwelekeo peke yake, na ule wa mteremko hauna jina la kupiga. Kwa hiyo jina lilikuwa la kweli na mteremko ulikuwa wa uongo. Marubani waliona umbali wao kutoka uwanjani haulingani na kimo, na taa za chini hazikuwa pale zilipotakiwa kuwa. Wakapaa tena wakiwa kimo cha futi 400 hivi, bado maili tano na nusu kabla ya uwanja. Kampuni yao haikuficha habari hiyo; ilitengeneza filamu ya mafunzo ili marubani wa kampuni nyingine waione. Kwa kitendo hicho naiheshimu kuliko makampuni mengi yenye rekodi safi na midomo iliyofungwa.

Wanaonisikia nikizungumza haya huniambia kwamba siku hizi GPS imemaliza mjadala, na kwamba VOR zinazimwa nchi kwa nchi. Ni kweli Marekani imepunguza vituo vyake, na FMS nyingi leo hutegemea GPS kwanza, DME baadaye. Lakini tangu mwaka 2023 ndege zinazopita Mashariki ya Kati, zikiwemo njia ambazo watu wetu huzitumia kwenda Ghuba na kurudi, zimekuwa zikikutana na mawimbi ya uongo ya GPS, yanayoiambia ndege kwamba iko mji mwingine kabisa. Mara nyingine saa ya ndege nayo huvurugika, na onyo la ardhi hulia juu ya jangwa tambarare. Marubani wameelekezwa kuizuia FMS isiifuate GPS, na kurejea kwenye vituo vya ardhini. Ghafla ule ukurasa wa redio ambao wengi waliupita bila kuutazama umekuwa kazi ya kila safari. Ni lazima wajue herufi iliyo kando ya masafa ni A au M, kituo kipi kinasomwa, na je, umbali wake unaingia akilini.

Mwaka 2000 mahakama moja mjini Miami ililetewa kesi ya Cali ili igawe lawama. Jopo la raia liliipa American Airlines asilimia 75, Jeppesen waliotengeneza kanzidata asilimia 17, na Honeywell waliotengeneza kompyuta asilimia 8. Nimesikia marubani wakilalamika kwamba hata hiyo 25 ya watengenezaji ni kubwa, na mawakili wakisema ni ndogo. Kwa maoni yangu jopo liliona vizuri. Watu wawili walibonyeza wasichokithibitisha, na walifanya hivyo mbele ya kifaa kilichowapa jina moja kwenye karatasi na jingine kwenye kioo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakufunzi wa Soroti, Nairobi na Dar es Salaam, maana vijana wanaofika kwenu leo wengi wanaanza na ndege zenye vioo na kibodi tangu saa ya kwanza ya mafunzo. Kabla hamjawafungulia ukurasa wa redio, wapeni redio ya kuzungusha kwa mkono, karatasi, na kituo kimoja cha VOR. Wakae nacho masikioni mpaka wataje herufi zake bila kutazama. Kisha wapeni FMS, mfiche kituo kwenye orodha ya vituo vinavyofanana majina, na msiwaruhusu kubonyeza EXEC mpaka waseme kwa sauti kituo hicho kiko upande gani, umbali gani, na kati yao na hicho kituo kuna nini.